Masalia ya Msimu Uliopita

Kule Kot Langar, kusini mwa Punjab, hakuna mtu mwenye akili timamu anayelitaja jeshi kwa jina wakati wa uchaguzi. Serikali ni ya raia, bunge ni la raia, waziri mkuu huvaa koti la raia, na wale wanaoamua nani avae koti hilo huitwa Idara ya Kilimo. Aliyeanza kuwaita hivyo hajulikani, na kama anajulikana basi amenyamaza. Wenyeji husema jina limewafaa, kwani wao ndio wanaopanda na wao ndio wanaong'oa.

Januari ile Idara ilikuwa na kazi nyingi. Chama kilichotawala msimu uliopita kilikuwa kimewaudhi wakubwa, kwa hiyo wagombea wake walikuwa wakipigiwa simu mmoja baada ya mwingine. Rana Sohbat wa jimbo la jirani alipigiwa Jumamosi, na Jumapili akagundua kwamba ana figo. Mwenzake wa ng'ambo ya mto alipigiwa akiwa anakula, akashikwa na hamu ya ghafla ya kwenda Umra, mkate akauacha mezani. Huko hawasemi mgombea amejitoa, wanasema amekaa. "Fulani naye kakaa," watu huambiana, na hakuna anayeuliza amekalishwa na nani.

Wakili Noor Samand wa chama hichohicho, ambaye watu humwita Malik Sahib kwa heshima, alikuwa bado amesimama. Alikuwa na miaka hamsini na minane, ameshagombea ubunge wa mkoa mara tatu na kuanguka mara tatu, lakini safari hii hata maadui zake walikubali kwamba angeshinda. Mpinzani wake, Sardar Dilmurad, alikuwa amejivutia maji ya mfereji upande wake mpaka mashamba ya wenzake yakapasuka kwa ukame, na watu walikuwa wamemchoka. Uwanjani, mbele ya umati, Noor Samand aliapa kwamba yeye hakai, na ili kuonyesha kwamba hatanii akakirudisha kiti alicholetewa jukwaani. Tangu siku hiyo, kila palipokuwa na watu, alihutubia, alikunywa chai na kusoma magazeti akiwa wima. Miguu ilimvimba.

Kitu kimoja tu kilimkera. Wiki nzima hakuna aliyempigia simu.

Katika nyumba ile waziri alikuwa mmoja tu, naye ni mkewe, Wazir Mai, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya wasichana, mama aliyeweza kuwanyamazisha watoto mia tatu kwa kukohoa.

"Baba Tasnim, mpaka Rana Sohbat kapigiwa," alimwambia Jumatano asubuhi. "Rana Sohbat, anayeandika jina lake huku ulimi umemtoka nje! Wewe wakili mzima hakuna anayekuogopa?"

"Wananiheshimu."

"Wamekusahau."

Noor Samand alienda zake uani kusoma gazeti, wima. Huko vijana wa kampeni walikuwa wamelala juu ya vitanda vya kamba, na miti ya pamba iliyong'olewa shambani ilikuwa imerundikwa ukutani kwa ajili ya kuni, kama ilivyo katika nyumba zote za Kot Langar msimu wa baridi.

Saa sita mchana simu ikalia. Ilikuwa namba ya mezani asiyoijua.

"Malik Noor Samand?" Sauti ilikuwa ya upole.

"Ndiye."

"Malik Sahib, napiga kutoka Idara ya Kilimo."

Noor Samand alikuwa amesimama tayari, lakini alijaribu kusimama zaidi. Upole ule ndio uliomtisha, maana kila aliyepigiwa alisema jamaa wana adabu kweli kweli.

"Naam, bwana. Nakusikiliza."

"Juzi tulipita kwako, hukuwepo. Tumejionea hali ilivyo. Sisemi unafanya makusudi, ila pale uani umeweka masalia ya msimu uliopita, na humo ndimo wanamojificha."

"Akina nani?"

"Wadudu, Malik Sahib. Unawajua. Baridi hii wametulia tuli, ukidhani wamekufa. Joto likianza wanatoka, wanaharibu nchi nzima."

Noor Samand aliwatazama vijana wake waliolala juu ya vitanda vya kamba. Mmoja alikuwa amejifunika bendera ya chama gubigubi.

"Sasa mnataka nifanye nini?"

"Ondoa yote. Ukiondoa mwenyewe hakuna neno, tunashukuru. Usipoondoa tutakuja na watu wetu, na sheria ipo, sipendi kuitaja. Majirani zako karibu wote wameshatuelewa. Na ukinisaidia, iwe kabla ya kesho jioni, maana ripoti inakwenda kwa wakubwa."

"Na familia yangu?"

"Familia nao waeleze, Malik Sahib, hasa mama. Wanawake ndio wanaong'ang'ania, na sisi hatupendi kugombana na wanawake."

"Nimeelewa," alisema.

"Kweli umeelewa? Mungu akuweke! Wengine mpaka tuwarudie mara tatu."

Noor Samand aliweka simu mfukoni, akamwita karani wake, Munshi Jindwadda, aliyekuwa naye kwa miaka ishirini na ambaye hakuwahi kumletea habari njema. Walienda kujificha nyuma ya zizi la nyati wa maziwa.

"Wamepiga," alisema Noor Samand.

Munshi alikaribia kumpongeza, akaona uso wa mkubwa wake, akaacha. "Wamesemaje?"

"Wadudu. Masalia. Kesho jioni."

"Walisema wadudu?"

"Kwa mdomo wao."

"Ndiyo lugha yao hiyo. Mpwa wa Rana Sohbat aliambiwa magugu." Munshi alipangusa miwani. "Wakamtaja na mama?"

"Wamemtaja."

"Basi wanajua kila kitu, Malik Sahib."

Tusimcheke Noor Samand bado, wakati wake utafika. Kwa nafsi yake angeweza kujikaza. Alishalala rumande ujanani, na vipindi vile alivisimulia kila Eid mpaka watoto wa ukoo wakavijua kwa moyo. Lakini binti yake mmoja tu, Tasnim, alikuwa daktari katika hospitali ya serikali huko Multan, na kila usiku wa zamu alirudi bwenini kwa miguu, kupitia uchochoro wenye taa moja. Noor Samand aliufikiria uchochoro ule mchana kutwa. Ilipofika jioni alikuwa ameshajua atakachofanya, na aibu yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba alimwambia mkewe kuwa ana kesi mahakamani asubuhi.

Alhamisi ukungu ulikuwa mzito, hata mbuzi walisita kutoka. Katika ofisi ya msimamizi wa uchaguzi karani alimpokea kwa heshima zote.

"Karibu, Malik Sahib. Tulidhani ungekuja tangu jana."

Fomu ilikuwa tayari mezani, jina limeshaandikwa. Kulikuwa na mstari mmoja mtupu uliouliza sababu, na Noor Samand akaandika kama walivyoandika wote: *kwa hiari yangu mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu yeyote.* Aliandika polepole kwa sababu hakuwa amezoea kuandika uongo kwenye hati ya serikali. Alitia sahihi. Karani akapiga muhuri, akaeleza kwamba kisheria anayekaa amekaa, hakuna kusimama tena, akamwagizia chai.

"Bado huyu mwingine," alisema karani.

"Yupi?"

"Mgombea wako wa akiba."

Noor Samand alikuwa amesahau kabisa. Huko kila mgombea huandikisha na mtu wa nyumbani kwake, mke au ndugu, ili karatasi zake zikikataliwa, chama kisibaki mikono mitupu. Ni jambo la desturi tu, na siku ya mwisho wagombea wa akiba hujitoa bila mtu kukumbuka kwamba waliwahi kuwemo. Tiketi ya chama ilikuwa na majina mawili, na la pili lilikuwa la Wazir Mai.

"Lazima atie sahihi kwa mkono wake," alisema karani, akimpa fomu ya pili. "Mwisho saa kumi jioni."

Alirudi nyumbani saa nane akiwa na fomu ndani ya koti, akitunga maneno ya kumwambia mkewe. Maneno yote aliyoyatunga yalikuwa na neno "hekima" ndani yake.

Uani alikuta pikipiki. Vijana wa kampeni, wakiwa macho kwa mara ya kwanza wiki ile, walikuwa wanapakia miti ya pamba kwenye mkokoteni. Bwana mmoja mwembamba, mwenye sweta ya mikono mifupi, alikuwa amechutama akipasua vitumba vikavu kwa ukucha, na Wazir Mai amemsimamia na kikombe cha chai.

"Baba Tasnim, njoo uone maajabu," alisema mkewe. "Huyu ni Bwana Zawar wa kilimo. Kumbe kuni zetu zina funza."

Bwana Zawar aliinuka, akapangusa mkono kwenye suruali. "Malik Sahib! Tumeongea jana. Sijawahi kupata mkulima mwelewa kama wewe." Alifungua kitumba. Ndani alilala funza mdogo wa rangi ya waridi, amejikunyata. "Ndiye huyu. Baridi yote yumo humu. Nimefurahi nilipokuta mama anatoa ushirikiano, maana kina mama kwa kawaida hawataki kabisa kuziachia kuni zao."

Noor Samand alimtazama yule funza kwa muda mrefu. Akamtazama Bwana Zawar, sweta yake, na karatasi zenye picha ya funza zilizochomoza mfukoni.

"Wewe," alisema, "ni wa Idara ya Kilimo?"

"Miaka kumi na tisa sasa."

"Ya kilimo?"

"Ya... pamba, hasa," alisema Bwana Zawar, akianza kuwa na wasiwasi.

Noor Samand, aliyekuwa wima kwa wiki tatu, alianza kuketi mahali pasipo na kiti, Munshi Jindwadda akamdaka kwapani. Ilibidi wamwingize ndani, na ndani ilibidi aeleze. Alieleza yote, mstari kwa mstari, mpaka ile hiari yake mwenyewe bila kulazimishwa na mtu yeyote, na hapo ndipo alipotambua kwamba hakuandika uongo. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa mtu pekee katika mkoa mzima aliyekaa kwa hiari.

Wazir Mai hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

"Ungeniuliza," alisema. "Jana nilikutania, basi. Lakini ungeniuliza."

"Nilimfikiria Tasnim."

"Najua." Aliliangalia koti la mumewe. "Mimi nimemfikiria tangu siku ulipochukua fomu ya kugombea. Hiyo kwenye koti ni nini?"

Akaitoa. Wazir Mai aliisoma kama alivyosoma mitihani ya watoto, akageuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akaikunja.

"Mimi sikai," alisema.

Nje palianza kusikika watu. Habari za aliyekaa huenda mbio kuliko pikipiki, na wakulima wa mfereji walikuwa wanaingia uani kama wanaoingia msibani, vichwa chini, wakimpa Munshi pole. Sauti ya Ami Peeru, mzee mwenye ekari tatu zilizokauka, ilisikika dirishani. "Simba wetu wamemkamata shingo. Hakuna lawama kwake. Idara ikishasema imesema. Kura tumpe tu Sardar, labda atatufungulia maji kidogo."

"Umesikia?" alisema Wazir Mai. "Hao wanaamini nyumba hii imekatazwa. Nikisimama hata mara kumi, hakuna atakayenipa kura. Wewe ndiye unayeweza kuwaambia kwamba hakuna aliyekataza."

"Niwaambie nini?"

"Ulichoambiwa. Na aliyekuambia."

"Watanicheka mpaka nizikwe."

"Ndiyo," alisema mkewe.

Kule nje alikuwa simba. Miaka thelathini ya kesi na mara tatu za kuanguka hazijawahi kumpa jina hilo, na sasa alilipata bure, na lingemtosha kwa maisha yake yote yaliyobaki. Alichotakiwa kufanya ni kutofungua mdomo tu.

Alivaa kofia yake akatoka, na Wazir Mai akamfuata. Ua ulikuwa umejaa, watu kama mia mbili, na ukungu bado juu yao. Walipomwona walinyamaza, mmoja akaanza kulia.

"Usilie," alisema Noor Samand. "Sikukalishwa. Nimekaa mwenyewe."

Watu walitikisa vichwa kwa huzuni. Wote husema hivyo.

"Jamani, nisikilizeni! Jana nilipigiwa simu na Idara ya Kilimo. Mtu mwenyewe ni yule pale, mwenye chai. Alinipigia juu ya kuni za pamba. Nikaelewa ninavyoelewa mimi, nikaenda kujiondoa. Hakuna aliyenitisha. Nimemwogopa afisa wa funza."

Bwana Zawar, asiyejua afanye nini, aliinua karatasi yake yenye picha. Hapo Ami Peeru akatoa sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta, na kumbe ni kicheko, na baada yake ua mzima. Walicheka mpaka wengine wakashikilia mkokoteni. Noor Samand alisimama akachekwa. Kilimuuma kila mahali, nisiseme uongo, lakini hakusogea.

"Kwa hiyo hawajapiga?" aliuliza Ami Peeru, akijifuta macho.

"Hawajapiga. Na mama Tasnim bado ni mgombea."

Simu ikalia mkononi mwake. Kioo hakikuonyesha namba yoyote. Waliokuwa mbele walikiona, wakaacha kucheka, na kicheko kikazimika kuelekea nyuma mpaka langoni. Noor Samand aliitazama, akabonyeza spika.

"Malik Sahib," ilisema sauti, ya upole kuliko ya Bwana Zawar. "Idara ya Kilimo."

"Ipi?"

"Samahani?"

"Nauliza ipi. Bwana Zawar wa kilimo yuko hapa kwangu, anakunywa chai."

"Malik Sahib, unajua ipi."

"Jana nilidhani najua, nikakosea vibaya sana. Nitajie jina lako, cheo chako, na ofisi yako iko mtaa gani. Hapa tuko watu mia mbili, tunakusikiliza."

Simu ilipumua. "Tulitaka kukushukuru tu. Ulikuwa kwenye orodha yetu ya leo, umetupunguzia kazi. Imebaki karatasi moja ndogo, ya mama. Bado kuna nusu saa." Kisha, bila kupandisha sauti: "Binti hajambo, huko Multan?"

Noor Samand aligeuka kumtazama mkewe. Wazir Mai alinyoosha mikono yote miwili, akaichukua simu kama anavyonyang'anywa mwanafunzi kitu asichotakiwa kuwa nacho.

"Anaitwa Daktari Tasnim Noor," alisema, sauti ya darasani. "Mimi naitwa Wazir Mai. Na wewe mwanangu unaitwa nani?"

Hakuna aliyejibu.

"Nimekuuliza jina. Umelelewa na nani wewe, unampigia mama wa watu simu bila kujitambulisha?"

Simu ikakatwa.

Kisha watu walianza kukumbuka mambo, huyu ng'ombe wake hajakamuliwa, yule ana mgonjwa, na mmoja mmoja wakapenya langoni bila kuaga, mpaka karibu nusu yao ikawa imetoka. Noor Samand hakuwalaumu. Yeye mwenyewe asubuhi ile alikuwa amekimbia kwa sababu ndogo zaidi. Alimpigia Tasnim, akamweleza kila kitu, akimwomba aombe likizo aje nyumbani hata kesho. Tasnim alisikiliza mpaka mwisho, akasema likizo haombi ila uchochoroni hatapita tena peke yake, akauliza kama mama yake amekula.

Ami Peeru alikuwa amebaki. Alikuwa amechutama palepale, anavunja kitumba kwa ukucha.

"Huyu mtu nimemwogopa miaka arobaini," alisema, "na jina lake hanalo."

Saa kumi ikafika, ikapita. Fomu ilikuwa bado mkononi mwa Wazir Mai, haina sahihi. Waliobaki walisogea karibu, wakaanza kuuliza maswali ya kazi: nani ataongea na wanawake wa upande wa mfereji, nani ana gari, mabango ya zamani yatafanywaje.

Munshi Jindwadda alitoa kalamu. Mabango yangechapwa upya, na pale Kot Langar mwanamke akigombea huwa na utaratibu wake. Jina huandikwa "mke wa fulani", na picha huwekwa ya huyo fulani.

"Tuandike 'mke wa Malik Noor Samand'," alisema Munshi, "na picha ile ya kofia, Malik Sahib, ile uliyotoka vizuri?"

Noor Samand aliipenda sana picha ile. Alimwangalia mkewe, aliyekuwa ameshageuka kumkemea kijana mmoja aliyekuwa anarudisha kuni zenye funza jikoni.

"Weka ya mgombea," alisema.